Kilima-mrota

Kwenye rafu ya tatu, kati ya figo ya ng'ombe
na kinyonga aliyepauka hadi akafanana na karatasi,
palikuwa na chupa ya mama.
Haikuwa ya shule. Aliibeba mwenyewe kutoka Sagalla,
imefungwa kwa leso, mapajani, safari ya usiku kucha,
mwaka alioolewa na Mmaragoli
akaja Mbale kuosha vyombo vya maabara.

Wanafunzi walisema: nyungunyungu.
Wengine: nyoka, tena mchanga.
Mama akaifuta glasi kwa pindo la koti.
Hesabuni pingili, akasema. Haya, nyungunyungu gani
ana uti wa mgongo? Nyoka gani
ana ngozi tupu, yenye ute, bila gamba hata moja?
Huyu ni ndugu wa chura.
Chura alichagua miguu, huyu akachagua udongo.

Kwao humwita kilima-mrota.

Alijua mambo yake kama umbea wa jirani.
Kwamba macho anayo, ila yamefunikwa,
kama dirisha lililopigwa lipu na fundi mwenye haraka.
Kwamba kati ya jicho na pua hutokeza kipapasio,
kidogo kuliko punje ya wimbi,
anachoonjea giza.
Kwamba fuvu lake ndilo jembe lake,
na mvua ikikatika hushuka, hushuka tena,
akiufuata unyevu kama anaudai.

Lakini hili la watoto alilisema polepole,
mlango wa maabara ukiwa umefungwa:
jike hutaga huko chini, akayazungushia mayai mwili,
na wakianguliwa hakuna ziwa la kunyonya.
Ngozi yake ndiyo hunenepa, ikajaa mafuta.
Watoto wana meno ya muda, kama vijiko.
Wanamkwangua mama yao
kutoka shingoni hadi mwisho,
naye ametulia.
Siku chache, ngozi imeota.
Wanarudi mezani.

Kijana mmoja, Endovo, aliomba ruhusa kwenda nje.

Mimi sikutoka.
Meza ile nilikuwa naijua.
Formalini ilimbambua mama viganja,
na jioni, koroboi ikiwa katikati,
mimi na Vihenda tuligombea mikono:
yeye wa kulia, mimi wa kushoto,
tukiuvuta ule utando mweupe bila kuukata;
mwenye mrefu zaidi ndiye mshindi.
Mama alikuwa akipiga hesabu ya deni la duka
kwa kichwa tu, midomo ikicheza.
Hakuwahi kusema, Basi.

Shamba letu, chini ya mawe ya Mungoma,
ni robo eka na makaburi mawili.
Kila masika nachimba nduma kando ya kijito
kwa jembe la uma, taratibu,
nikigeuza bonge baada ya bonge.
Nyungunyungu tele. Mchwa. Kipande cha sahani ya bluu.
Yeye hayupo. Vitabu vinasema upande huu hayupo.
Mama husema vitabu havijachimba kwetu.

Sasa mtoto wa jicho amemziba yote mawili.
Shule ilibomoa maabara, chupa ikarudishwa nyumbani
pamoja na fomu ya kutia sahihi.
Anaiweka dirishani, ambako haioni.
Nikifika kutoka Chavakali na unga na sabuni
haulizi ni nani. Ananyosha kidole
ananigusa hapa, kati ya jicho na pua,
anakiacha hapo kidogo.

"Umekonda," anasema.
"Umekula?"